Umeanza ski juzi, timu inaenda kambi Quebec likizo ya Krismasi: uende au ubaki?

Swali nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Niko mwaka wa pili chuo kidogo huku Vermont, kwetu Machame. Nilikuja kama mkimbiaji wa mbio za nyika, kocha wa ski za nyika, zile za kusafiri kwenye theluji, akaniona napanda kilima akaniambia njoo ujaribu. Rola ski, zile za magurudumu za kujifunzia kwenye lami, nimeanza Septemba, theluji yenyewe nina wiki tatu tu. Sasa timu inaenda kambi Forêt Montmorency, Quebec, tarehe 27 Desemba hadi 6 Januari. Wenzangu wengi wameanza ski wana miaka mitatu minne. Naogopa baridi, naogopa kuwa mzigo, na mama anasema Krismasi niende kwa shangazi Ohio. Niende? Nikienda nijiandae vipi?"

Marahaba mdogo wangu. Nikujibu kabisa kabla sijaanza maneno mengi: nenda, kama karatasi zako zinaruhusu. Ila usiende kama mkimbiaji. Umetaja hofu tatu hapo, baridi, kuwa mzigo na mama, na kitu ambacho mimi kingeninyima usingizi hujakitaja kabisa, nacho ni hayo mapafu yako. Mtu aliyepanda na kushuka Machame tangu shule ya msingi ukimpa ski anakuwa kama Fuso lenye injini mpya alafu breki hamna. Injini ndo itakayokuponza.

Najua kwasababu nilipita hukohuko. Mi wa Rombo, nilikuja huku kwa mbio, kilometa 10 nilikuwa nakimbia dakika 31 na ushee, nikavutwa kwenye ski kama wewe ulivyovutwa, na kambi yangu ya kwanza ya Desemba nikajiambia hawa watoto hawawezi kuniacha, pumzi ninayo. Siku ya kwanza nikawafuata masaa mawili na nusu, wao wanapiga stori, mmoja anasimulia filamu nzima mwanzo mwisho, mimi nyuma jasho linatiririka moyo unagonga 180 na sielewi kwanini. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu kwenye kilima kimoja akanipita bibi, aisee bibi kabisa, nywele nyeupe na kibegi mgongoni, akanisalimia "bonjour" akaendelea na safari yake, mimi nimeinamia fimbo natafuta hewa. Siku ya nne homa. Kambi iliyobaki niliimalizia kitandani naangalia dari, nasikia wenzangu wanavaa buti kule koridoni.

Sasa tatizo lilikuwa nini. Unapokimbia, mguu ukigusa chini ardhi inakurudishia, wala hufikirii. Kwenye ski mguu unatua juu ya kitu kinachotembea, kwahiyo inabidi usimame juu ya ski moja, uzito wote, utulie hapo iteleze, ndo uhamie nyingine. Anayeanza hawezi kutulia. Anaogopa, anarudisha mguu haraka, kila hatua anakatisha mtelezo wake mwenyewe, mpaka wenzake wanapiga hatua 40 yeye kashapiga 70. Nguvu zake nusu zinaenda kwenye kutokuanguka. Yule bibi hakuwa na pumzi kunizidi, alikuwa na miaka 50 ya kusimama kwenye ski moja. Na mkimbiaji mzuri ndo anapotea zaidi kwasababu yeye anaweza kuvumilia huo ubovu masaa mawili, mtu wa kawaida angechoka dakika ya ishirini akapunguza akajifunza. Sisi tunafunika makosa kwa pumzi, alafu makosa yanakaa yanakuwa tabia.

Mfano mkubwa unaujua labda, Philip Boit wa Kenya. Alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mpwa wa Mike Boit yule wa medali ya shaba Munich 1972. Mwaka 1996 Nike wakampeleka Finland, theluji hajawahi kuiona, na miaka miwili baadae yuko Olimpiki ya Nagano 1998 kwenye kilometa 10 klasiki, ule mtindo wa ski mbili kwenda sambamba. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24, Boit akaingia wa mwisho, wa 92, kwa dakika 47 na sekunde 25. Watu wanakumbuka Dæhlie alivyomsubiri pale mwishoni akamkumbatia, na Boit akaenda kumpa mtoto wake jina la Daehlie, na ni stori nzuri kweli, ila mimi nikiwa kocha naangalia zile dakika 20. Mwanariadha wa Bonde la Ufa, anafanya mazoezi kama kazi miaka miwili, na bado pengo ni dakika 20 ndani ya kilometa 10. Pumzi sidhani kama ilimpungukia hata kidogo. Ni masaa ya kwenye theluji ambayo wenzake walianza kuyahesabu wakiwa na miaka mitatu. Kambi ndo mahali pa kununua hayo masaa kwa bei rahisi, siku kumi mfululizo bila darasa, bila maabara, bila kukimbilia kantini. Kwahiyo usiende kutafuta stamina, hiyo unayo, nenda ukakusanye masaa ya kusimama kwenye ski.

Kabla ya hayo yote lakini kuna karatasi, na hili lianze kesho asubuhi maana wengi wanalikumbuka wiki ya mitihani. Wamarekani kwenye timu yako wataingia Kanada na pasipoti zao wala hawataulizwa viza, sisi Watanzania tunahitaji viza ya Kanada, na pamoja na fomu wanataka alama za vidole na picha. Ukiwa Marekani alama za vidole unaweza kutolewa kwenye vituo vya uhamiaji vya Marekani vyenyewe, huna haja ya kusafiri mbali, ila foleni ipo na majibu yanachukua wiki kadhaa, kwahiyo kama Novemba imeisha hujaomba, usijidanganye. Upande wa kurudi ndo mzito zaidi. I-20 yako, ile fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, iwe na sahihi ya kusafiri ambayo haijazidi mwaka, na viza yako ya mwanafunzi, F-1, uiangalie tarehe. Kuna utaratibu unaomruhusu mwanafunzi mwenye viza iliyoisha kuingia Kanada chini ya siku 30 na kurudi, ila una masharti yake na sheria za kuingia Marekani zinabadilika ghafla siku hizi, zikiwemo zinazotugusa sisi Watanzania. Kwahiyo neno la mwisho sio la kocha, sio la wenzako, wala sio langu, ni la ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni. Wakikwambia usitoke, usitoke. Hakuna kambi duniani yenye thamani ya kukwama mpakani na shule inaanza Januari. Na ikiwa hivyo sio mwisho wa dunia, huko Vermont kwenu mna kituo cha ski cha Craftsbury, wanatengeneza theluji kwa mashine na njia zao ni nzuri sana, muombe kocha akupangie ratiba yako huko. Kocha mwenye akili hatakasirika. Akikasirika, basi umemjua mapema.

Haya, tuchukulie umevuka. Forêt Montmorency ni msitu wa chuo kikuu cha Laval, kama kilometa 70 kaskazini ya mji wa Quebec, wanafundishia misitu hapo, na kwa mwaka inaanguka theluji zaidi ya mita 6. Kutoka Vermont na vani ni masaa matano sita hivi. Mwinuko wa kutisha hamna, tofauti na timu zinazoenda West Yellowstone kule Montana wakati wa Thanksgiving, sikukuu yao ya shukrani ya Novemba, pale ni mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na siku za kwanza kila mtu anatembea kama kobe. Mwisho wa Desemba jua Quebec linachomoza saa moja na nusu na saa kumi jioni limezama, wala sio magharibi ile ya kwetu unayoiona inakuja, ni giza tu limefika. Kwahiyo siku inakuwa hivi: chai saa moja, kwenye theluji saa mbili na nusu, mnarudi saa tano, mnakula, mnalala kweli, sio kuchezea simu, saa nane mnatoka tena lisaa limoja na nusu, jioni video. Wiki moja ya kambi wenzako wanaweza kufikisha masaa 20 na zaidi. NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, wana sheria ya masaa 20 kwa wiki ya mazoezi ya lazima ila likizo rasmi ikianza inawekwa pembeni, ndo maana unaona makocha wanaipenda likizo kuliko wanafunzi.

Wewe wiki hiyo ukimaliza masaa 12 mpaka 14 umeshinda. Narudia tena maana najua utasoma hapa utasema ndio kaka, alafu siku ya kwanza utawafuata. Usiwafuate. Muombe kocha mapema, kabla ya kuondoka, mwambie nataka asubuhi nitoke na timu nusu saa ya kwanza alafu nibaki kwenye mzunguko mfupi wa tambarare peke yangu au na mtu mmoja. Hakuna kocha atakayekataa ombi la namna hiyo, watafurahi, maana kinachowaumiza kichwa ni yule anayejifanya anaweza. Anza na klasiki zaidi kuliko skeiti, ule mtindo wa kusukuma miguu pembeni kama mtu wa barafuni, kwasababu klasiki unatembea kwenye reli, ile mifereji miwili inayochongwa na mashine usiku, na reli inakushika miguu unapata nafasi ya kufikiria uzito wako uko wapi. Skeiti kwenye kilima kwa anayeanza haina spidi ndogo, ukianza tu moyo uko 175, na ndo hapo mazoezi mepesi yanageuka mashindano kila siku. Ukifika kilimani fungua ncha za ski upande kwa hatua za bata, polepole, au tembea kabisa. Kipimo changu ni kile cha zamani, kama huwezi kumsimulia mwenzako habari za nyumbani bila kukata sentensi, umezidisha.

Alafu acha fimbo. Nasema kweli, kila kutoka dakika 15 au 20 ziweke pembeni ya njia uteleze mikono mitupu. Utajiona mjinga, watalii watakuangalia, sawa. Fimbo ni mkongojo, anayeanza anaegemea mikono kuficha kwamba miguu haina balansi. Zoezi jingine vua ski moja, baki na moja, jisukume kama watoto wanavyochezea skuta, mguu huu kisha ule. Baada ya siku tatu za upuuzi huu kuna siku, mara nyingi asubuhi theluji ikiwa imetoka kutengenezwa, utasimama kwenye ski moja na itaenda, itaendelea kwenda, na utacheka peke yako msituni. Mimi ilinichukua hadi kambi ya pili.

Miteremko inakutisha? Hujasema ila najua, kila mkimbiaji inamtisha kwasababu kwenye mbio huwezi kwenda spidi usiyoitaka. Jifunze plau, ncha zinakutana mbele visigino vinafunguka nyuma, magoti yamelegea, na uanze kabla ya mteremko sio katikati yake. Ukiona mambo yameharibika kaa chini kwa pembeni, makalio kwenye theluji laini, usinyooshe mkono mbele kama unadaka mpira, ndo viganja vinavunjika hivyo. Na ukianguka toka njiani haraka kabla hujajifuta, nyuma yako kuna mtu anakuja. Ukisikia mtu kapiga kelele "piste!" nyuma yako anaomba njia, sogea kulia, usigeuke kuangalia. Na usije ukakanyaga reli kwa buti ukitembea, hilo watakuchukia nalo kuliko kuchelewa kwenye vani.

Sasa baridi. Baridi yenyewe mwili ukiwa unafanya kazi sio tatizo, tatizo ni ukisimama, na tatizo ni vidole, masikio, pua na mashavu. Mashindano ya FIS, shirikisho la kimataifa la ski, hayafanyiki ikishuka chini ya 20 hasi, na mimi kwa timu yangu ikifika 15 hasi nafuta mazoezi ya spidi, tunatoka taratibu tu na kitambaa kimefunika mdomo, kwasababu hewa kavu ya baridi ukiivuta kwa nguvu inakausha njia za hewa na wachezaji wengi wa ski wanaishia na kifua kinachobana kama pumu. Ukikohoa kidogo baada ya zoezi gumu ni kawaida. Ukisikia filimbi kifuani na haiishi, mwambie mtu wa tiba wa timu siku hiyohiyo, usimeze.

Kuna jambo ambalo kocha wako mweupe anaweza asilijue, na sio ubaya wake, vitabu vyao vimeandikwa kwa ngozi yao. Wanawafundisha watu kuangalia ngozi inayogeuka nyekundu kisha nyeupe, hiyo ndo dalili ya kuanza kuganda. Kwetu haionekani hivyo. Ngozi yetu inapauka inakuwa kijivu, kama umepakwa majivu, au inapata mng'ao kama nta, na kwenye mwanga wa msituni mwenzako anaweza kukuangalia usoni asione kitu. Na majeshi ya Marekani na Uingereza yameona kwa miaka mingi kwamba askari weusi wanaumizwa na baridi vidoleni zaidi ya wenzao weupe, mishipa yetu inajibana zaidi na inachelewa kufunguka. Kwahiyo wewe usitegemee macho ya mtu, tegemea hisia. Kidole kinachouma ni kizima. Kidole kilichokuwa kinauma kikaacha kuuma na wewe hujaingia ndani, hicho ndo cha kukimbia nacho. Kitie kwapani, kwako au kwa mwenzako, ingia ndani, usikisugue na theluji kama wazee wanavyosema na usikiweke kwenye jiko au maji ya moto wakati bado hukisikii, utaungua bila kujua. Kikianza kurudi kitauma mpaka machozi, ni sawa, hiyo ni damu inarudi nyumbani.

Glovu chukua zile za vidole vyote kukaa pamoja, zile nyembamba za mashindano waachie wenyewe. Buti usikaze na usivae soksi mbili, watu wanafanya hivyo wakidhani wanaongeza joto, kumbe wamefunga damu. Nguo za ndani ziwe za sufu au za plastiki zile za michezo, pamba hapana kabisa, pamba ikishika jasho inakuwa kama umevaa barafu. Na uvae kidogo kuliko unavyodhani, ukitoka mlangoni unapaswa kusikia ubaridi dakika kumi za kwanza, ila begani beba koti nene la kuvaa mkisimama. Nywele, hili hutaambiwa na mtu: kama umesuka rasta nene kofia ya ski haitashuka kufika masikioni, masikio yatabaki nje na ndo ya kwanza kuumia. Suka mistari myepesi ya kulala kichwani kabla ya safari, vaa bendi pana ya masikio chini ya kofia, na jasho likiingia kwenye misuko zikaushe ndani kabla hujatoka mchana, zinaganda kweli, zinagongana kama shanga. Wavulana nao wana shida yao ya baridi sehemu nyingine, waulize wenyewe watacheka.

Waksi, ile nta ya kupaka chini ya ski, itakuchanganya kidogo, usiogope. Ski ya klasiki imepinda katikati, ukiwa unateleza kwa uzito wa kawaida katikati haigusi theluji, ukikanyaga kwa nguvu inagusa, na hapo ndo panapopakwa waksi ya kushika ili usirudi nyuma. Theluji mpya ya baridi kali ina punje kali zinazochoma, kwahiyo waksi ngumu, kijani. Ikipungua baridi bluu, karibu na sifuri zambarau, juu ya hapo nyekundu. Theluji iliyoyeyuka ikaganda tena ikawa kama vioo vilivyosagwa haitaki hizo, inataka klista, na klista mdogo wangu ni ulimbo. Ule ule wa kutegea ndege. Utaushika, utashika nywele, utashika mlango, na wiki nzima utaukuta mahali. Kama ski yako inarudi nyuma kila ukisukuma, usilazimishe kwa mabega, rudi kwenye kibanda cha waksi ongeza tabaka. Anayeanza na ski isiyoshika anajifunza vibaya siku nzima. Ile waksi ya zamani yenye florini ambayo watu walikuwa wanasema ni dawa ya spidi FIS waliipiga marufuku kuanzia msimu wa 2023 na 2024, ni sumu kwa mazingira na kwa mapafu ya wapakaji, ukiona kiboksi cha namna hiyo kwenye kona usikiguse na usikae kwenye moshi wake.

Vifaa usinunue. Timu nyingi zina ski za akiba, na ski mpya za mashindano zinaanzia kama dola 600 na kupanda, kwa mtu wa mwaka wa kwanza wa ski ni pesa ya kutupa. Kitu kimoja tu pambana kipate cha kwako chenye saizi yako halisi, buti. Muulize kocha pia chuo kinalipia nini, mara nyingi malazi na chakula cha kambi kinalipwa, ila uliza waziwazi kabla, usione aibu, na wenzako wengine wanauliza kimyakimya.

Kuhusu kuwa mzigo. Kwenye mashindano ya vyuo huko mashariki matokeo ya watatu wa kwanza wa kila chuo ndo yanahesabiwa, kwahiyo mwaka huu hakuna anayekusubiri wewe ulete pointi, kocha amekuchukua kwa ajili ya mwaka wa nne. Mzigo kambini sio mtu wa polepole. Mzigo ni anayechelewa vani ikiwa inaunguruma, anayeficha mafua mpaka nyumba nzima inaumwa, na anayekwepa zamu ya vyombo. Osha mikono kama daktari, watu 18 nyumba moja mafua yanasafiri kuliko ski. Na siku ya nne au ya tano utalia. Wote wanalia, wengine bafuni. Miguu imekufa, giza limeingia saa kumi, nyumbani ni saa sita usiku huwezi kumpigia mtu. Kula, lala, asubuhi mwambie kocha umechoka upewe nusu siku.

Sasa mama. Mchaga asiyerudi nyumbani Desemba anatafutiwa kikao, hilo tunalijua wote, na yule mama kashakubali usirudi Moshi, kakupunguzia mpaka Ohio, sasa unataka kumwambia hata Ohio hamna? Usimpigie simu na habari ya kukataa. Kambi inaanza tarehe 27. Mitihani inaisha lini, tarehe 18, 19? Nenda kwa shangazi, kula Krismasi hapo, kanisani nenda nae, piga picha nyingi utume kwenye grupu la familia, tarehe 26 rudi Vermont. Mwambie mama kambi ni ya chuo, kocha yupo, chakula kipo, na uanze na hilo la chakula. Ila ndege ya tarehe 26 kipindi hicho inachelewa sana kwa dhoruba, kwahiyo chukua ya asubuhi, na kocha awe na namba ya shangazi.

Na kwa shangazi usikae tu. Kimbia polepole siku nne tano, alafu kila siku simama kwa mguu mmoja dakika mbili mbili ukipiga mswaki, macho umefumba. Shangazi atauliza una nini, mwambie ni ski.

Zamu yako ya kupika ikifika piga pilau. Binzari nyembamba, iliki, karafuu, mdalasini, vifunge kwenye kimfuko toka Ohio, nyama utanunua Quebec, sufuria kubwa nyumba za kambi zinakuwa nayo. Pilipili weka pembeni kwenye kikombe, mi niliitia ndani mwaka ule na nusu ya timu ilishindwa kutoka asubuhi. Tangawizi ya chai beba pia ya kutosha, weka chai kwenye chupa uende nayo njiani. Na mafuta ya mgando chukua kopo kubwa, kwa ajili ya mashavu na midomo, maana siku ya pili wataanza kukuomba.